Misumari Mitatu Mgongoni mwa Kabati

Nina tabia moja inayomtia mume wangu aibu. Tukialikwa kwenye nyumba yenye samani za kale, namsubiri mwenyeji aende jikoni, kisha navuta droo iliyo karibu na kuingiza pua ndani. Mwezi uliopita nilifanya hivyo nyumbani kwa mfanyakazi mwenzangu, kwenye meza ndogo ya Kichina aliyoinunua mnadani, na harufu iliyotoka mle ndani ilinigandisha palepale. Ilikuwa tamu kidogo na kali kidogo, kama karafuu iliyolala kwenye asali. Mwenyeji aliporudi na chai alinikuta nimeinama, pua ndani ya droo yake, wala sikuona haya. Nikamwambia, "Hii ni ya kweli kabisa," halafu nikaanza kumsimulia, na mpaka namaliza chai ilikuwa imepoa na mume wangu alishaangalia saa mara nne. Sasa nawasimulia na ninyi wa rika langu, mliokulia huku kwenye theluji na wazazi waliokuwa wanaanza maisha upya. Ninyi hamtahitaji maelezo mengi.

Mama ndiye aliyetangulia Minneapolis, Marekani, kusoma chuo kikuu. Baba na mimi tulimfuata nilipokuwa na miaka minane, tukapanga chumba na sebule ghorofa ya tatu pale mtaa wa Phillips, kwenye jengo ambalo kila mlango ulitoa harufu ya chakula cha nchi yake. Moshi tulikotoka, Baba alikuwa fundi seremala, mtoto wa fundi seremala, na watu hawakumwita kwa jina. "Fundi, habari za asubuhi?" "Fundi, kitanda changu kitaisha lini?" Hata mchungaji akisoma matangazo ya Jumapili alisema Fundi atakuja kuangalia mabenchi, na kanisa zima lilijua ni nani.

Mimi pia nilikuwa na cheo. Babu hakuwa mtu wa kutupa msumari. Mbao kuukuu kutoka kwenye nyumba zilizobomolewa ziling'olewa misumari, na iliyopinda ililetwa kwangu kwenye kopo. Nilikuwa na jiwe langu bapa na nyundo yangu ndogo. Unauviringisha msumari juu ya jiwe kwa kidole mpaka kibiongo kikae juu, kisha unagonga mara tatu, taratibu, huku unaugeuza kidogo kwa kila pigo. Ukigonga kwa hasira unapinda upande wa pili. Babu alikuwa akinionyesha kwa wateja: "Huyu ndiye anayezishika nyumba zenu zisianguke." Wateja walicheka, lakini mimi niliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Niliamini kwamba kila kitu cha mbao duniani kinasimama kwa sababu ya misumari, na kwamba misumari ya Moshi inanyooka kwa sababu yangu.

Minneapolis ilitunyang'anya vyeo vyote viwili. Baba alipata kazi ya kufagia na kupiga deki kwenye jengo la maduka kule Burnsville, akawa anakwenda na kurudi na gari letu bovu kwenye barabara kuu ya 35. Kifuani alivaa kitambulisho chenye jina lake la kwanza, na vijana wa umri wa wadogo zake walimwita kwa jina hilo, kavukavu. Hakuna aliyemwita Fundi. Hata Mama, kwa uchovu wa masomo na zamu za kutunza wazee, aliacha. Niliona, na iliniuma kuliko baridi. Kwa upande wangu sikukubali kushindwa. Nyuma ya duka la mtaani kwetu walitupa mbao za kupakilia mizigo, nami nikawa nang'oa misumari yake kwa koleo la Baba na kuinyoosha kwenye ngazi za zege za jengo letu. Nilijaza kopo zima la kahawa. Jirani yetu Mkenya akinipita pale alikuwa anacheka, "Wewe msichana, hiyo hardware uta-open lini?"

Kisha siku moja kampuni ya usafi ikamtuma Baba kusafisha jengo la ofisi kule Saint Louis Park. Nyuma ya jengo hilo palikuwa na karakana, mlango wake umeachwa wazi kidogo, na harufu ya mbao inayopigwa randa ikamfuata mpaka kwenye korido. Alituhadithia jioni ile amesimama, kukaa hakuwezi. Alikuwa ameingia na fimbo ya deki mkononi, akamkuta mzee wa Kichina mwenye kofia ya sufu anakarabati kiti, na badala ya salamu akamwambia, "Mti huu una undugu na mpingo." Mzee akaiacha kazi yake. Akampa kipande anuse. Halafu akampa randa. Baba akaivuta mara moja tu, ukatoka utepe mrefu wa maranda unaopitisha mwanga, na yule mzee akauokota na kuupeleka dirishani.

"Kasema niwe naenda Jumamosi aione mikono yangu," Baba akasema. "Ana kabati kubwa limetoka China vipandevipande. Nikilisimamisha, yeye akaridhika, ananiajiri. Mambo ya deki basi."

"Na usipoweza?" Mama akauliza.

"Nabaki Burnsville."

"Basi lisimamishe," Mama akasema, akarudi kwenye vitabu vyake. Lakini nilimwona ukurasa haufungui.

Jumamosi Mama alikuwa na zamu, kwa hiyo nilikwenda na Baba. Yule mzee alikuwa anaitwa Fang. Baba alimwita Mzee, kwa heshima ya kwetu, na baada ya wiki mbili akawa anaitikia. Kiingereza cha Baba kilikuwa cha Moshi na cha Mzee Fang kilikuwa cha kwao, na walielewana kwa sababu wote wawili walimalizia sentensi kwa mikono.

Siku ile ya kwanza, kunituliza, Mzee Fang alinionyesha kiti. Kilikuwa cha mtindo wa enzi ya Ming, wafalme wa kale wa China, mtindo ambao aliupenda kuliko kitu kingine chochote: hakina nakshi, hakina urembo, mgongo na mikono ni ufito mmoja wa duara unaokuzunguka kutoka bega moja hadi la pili. Mimi niliona ni kiti tu. Akachukua nyundo ya mti, akagonga hapa, akagonga pale, akachomoa kijiti kidogo kuliko kidole changu, na kiti kizima kikafunguka mikononi mwake. Ule ufito niliodhani ni mmoja ukawa vipande vitano! Nilipiga kelele. Kila kipande kilikuwa na ulimi wake na tundu lake, na ndani ya tundu mlikuwa na vijino vingine vilivyojificha, vimechongwa na mtu aliyekufa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Akavirudisha kimoja kimoja, kila kimoja kikiingia kwa sauti ndogo ya kushiba, na kiti kikasimama. Akakikalia, akajiyumbisha. Hakikulia hata kidogo. Nikamwomba arudie, akarudia. Nikaomba tena, na mara ya tatu nadhani na yeye alikuwa anafurahia.

Nikapiga magoti nikachungulia chini ya kiti kutafuta misumari. Hakuna. Nikakagua meza, stuli, sanduku la nguo, rafu zote za karakana. Hapakuwa na msumari hata mmoja. Hapo ndipo nilipoelewa, au nilipodhani nimeelewa: maskini mzee wa watu, hana uwezo wa kununua misumari. Kila dalili ilikuwepo. Chai yake aliinywa kwenye chupa tupu ya jemu, na viwiko vya sweta lake vilikuwa na viraka. Na Baba, nikajiambia, ananyamaza kwa adabu. Kwetu mgeni hataji kinachopungua kwa mwenyeji. Akiweza, siku nyingine anakuja nacho na kukiacha bila kusema neno. Nimelelewa hivyo na nilijua wajibu wangu.

Jumamosi zile zilikuwa sikukuu kwangu. Nilikuwa naamka kabla ya Baba, nimeshavaa buti. Nilijifunza kung'arisha mbao kwa nta na kitambaa mpaka mistari yake itokeze, na Mzee Fang akanionyesha zile duara nyeusi za vifundo ambazo, ukizikodolea macho, zinageuka nyuso. Nilijifunza pia kusikiliza ugomvi. Kulikuwa na meza ya mtindo uliokuja baadaye, wa enzi ya Qing, iliyochongwa kila mahali: mawingu, matawi, wanyama. Baba aliipenda sana, alisema inamkumbusha milango ya Zanzibar.

"Huyu fundi aliogopa nafasi tupu," Mzee Fang alisema.

"Huyu fundi alikuwa na mikono isiyochoka," Baba akajibu.

"Mikono haikuchoka. Macho yangu yanachoka."

Waliweza kuendelea hivyo chai nzima. Mimi nilikuwa upande wa Baba mpaka nilipoambiwa kwamba wale wanyama ni popo. Popo! Kwetu nani anachonga popo mezani halafu anakaa hapo kula? "Kwetu ni baraka," Mzee Fang akasema, akishangaa uso wangu. Siku hiyohiyo nilihamia upande wa Ming, na sijarudi.

Kabati lenyewe lilikuwa refu kuliko Baba. Lilikuwa pana kidogo chini na limebana kidogo juu, kwa kiasi ambacho jicho halioni mpaka uonyeshwe, na milango yake haikuwa na bawaba. Kila mlango ulikuwa na ncha ya mti juu na nyingine chini, zinazozunguka kwenye vishimo vya fremu. Kwa kuwa fremu imeegemea ndani, mlango ukiufungua na kuuachia unatakiwa urudi wenyewe, polepole, mpaka ugusane na mwenzake. Mzee Fang alisema hicho ndicho kipimo, hana kingine. Likikosewa unene wa ukucha popote pale, milango inabaki wazi. Baba alichonga ndimi mpya palipovunjika, akalisimamisha, akaachia mlango, ukabaki wazi. Akalifungua lote akaanza upya. Wiki ya pili wazi, ya tatu wazi. Wiki ya nane mlango wa kushoto ukarudi, halafu wa kulia ukaufuata, na Baba akaruka kwa miguu yote miwili, mtu mzima na ndevu zake. Mimi nikaruka naye. Mzee Fang hakuruka, ila alijaza chai kwenye chupa yake na kwenye ya Baba. Mwenye kabati alikuwa aje Jumamosi inayofuata.

Mchana uleule lori likaleta mzigo, na wote wawili wakatoka kwenye theluji kusaidia kushusha. Nikabaki peke yangu na kabati. Nililizunguka kama mtu anayekagua nyumba yake. Mgongo wake ulikuwa wa mti mwingine, laini, unaonukia kafuri, na nilipousukuma ule ubao wa katikati ukacheza ndani ya fremu. Tik, tik.  Wiki nane Baba amehangaika, halafu nyuma pamelegea kwa kukosa misumari tu! Mfukoni mwa koti nilikuwa na mitatu, mizuri kuliko yote ya kwenye kopo, niliyoitunza kwa kazi maalumu. Nikaipaka sabuni ya kwenye sinki, kama Babu alivyonifundisha, ipenye bila kupasua mbao. Miwili upande huu, mmoja upande ule, nyundo nimeifunga kitambaa. Nikausukuma ubao. Kimya. Nilisikia furaha ambayo mpaka leo, pamoja na aibu yote iliyofuata, siwezi kuikana. Nilikuwa nimemsaidia Baba na kumsitiri Mzee Fang, na sikumwambia mtu.

Wiki ile nyumba yetu ilichangamka. Baba alikuwa anaimba bafuni. Alhamisi tulikuwa tunakula, na Baba, tonge mkononi, anamweleza Mama ajabu za kabati kwa mara ya mia.

"Ubao wa mgongo hawaubani," alisema. "Wanauchongea mfereji kwenye fremu, unakaa humo ukiwa huru. Huku na hizi hita za baridi, mbao inakauka inasinyaa. Kiangazi inavimba. Inaachiwa ipumue."

"And if you nail it?" nikauliza. Mwaka mmoja wa shule ulishanigeuza. Nilisikia Kiswahili na kujibu Kiingereza, kama watoto wote wa jengo letu.

"Itapasuka, mama." Baba aliniita mama kwa kuwa nina jina la mama yake. "Mbao inataka kusinyaa, msumari unaikatalia. Lazima ipasuke."

Nikaliweka tonge chini. Nilipofungua mdomo Kiswahili kilirudi chenyewe. "Baba, nimeipigilia."

"Nini?"

"Kabati. Kwa nyuma. Ilikuwa inacheza."

Mama akaweka mkono mdomoni. Baba hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Mingapi?"

"Mitatu."

Akanawa mikono ingawa sahani yake ilikuwa nusu. "Karakana imeshafungwa," akamwambia Mama. "Kesho nitakwenda naye kabla ya shule."

Asubuhi ile theluji ilikuwa inaanguka na gari halikutaka kupata joto. Baba aliendesha polepole. Kwenye taa nyekundu, tunakaribia Saint Louis Park, akauliza bila kunitazama, "Uliipaka sabuni?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa. Sikujua kama ni hasira au ni nini, na niliogopa kuuliza.

Tulimkuta Mzee Fang ameshafika. Sanduku la vifaa vya Baba lilikuwa mlangoni, limefungwa kamba. Juu ya benchi palikuwa na karatasi nyeupe, na juu ya karatasi misumari yangu mitatu, imeng'olewa, mmoja umepinda kwa koleo. Kabati lilikuwa limegeuzwa, na kwenye ubao wa mgongo kulikuwa na ufa wa urefu wa kiganja.

"Lilipasuka Jumatatu," Mzee Fang akasema. "Niko hapa nakunywa chai, nikasikia paa! Siku nne nafikiri. Mtu anayechonga ulimi kama ule, halafu anapigilia msumari. Sielewi. Chukua sanduku lako."

Baba alisogea akaupitisha ufa kidole. Angeweza kuninyooshea mkono, na angekuwa amesema kweli. "Ni mkono wa nyumbani kwangu, Mzee," akasema. "Kosa ni langu." Akainama kushika kamba ya sanduku.

Nilipoona anainama nikapayuka. "Ni mimi! Nilidhani huna misumari! Nilidhani huna pesa ya kununua!"

Mzee Fang hakunitazama hata kidogo. Alimtazama Baba, na uso wake ukawa mkali zaidi. "Hilo ni baya kuliko msumari," akasema. "Unamfundisha mtoto akubebee kosa."

Nilimwona Baba akipokea maneno hayo. Mtu huyu aliyenifundisha kusema kweli hata kwa bilauri iliyovunjika alisimama pale, kamba mkononi, anaambiwa anafundisha uongo. Sikumbuki kuwaza kitu. Nilivua glavu, nikachukua ule msumari uliopinda na nyundo ndogo kuliko zote, nikapiga magoti kwenye sakafu ya zege. Vidole vilikuwa na ganzi. Nikauviringisha mpaka kibiongo kikakaa juu. Nikagonga, nikageuza. Nikagonga, nikageuza. Nikagonga. Nikauinua nikampa.

Mzee Fang akavaa miwani. Akachukua na ile mingine miwili, akaenda nayo dirishani. Kwenye ubavu wa kila msumari palikuwa na alama tatu ndogo bapa, zimepangana mshazari, moja baada ya nyingine, za nyundo inayogeuza kidogo kwa kila pigo. Aliilinganisha yote mitatu, akairudia kuilinganisha. Kisha akasikika anapumua kwa pua, nikadhani analia.

"Ulidhani sina pesa ya misumari?"

"Ndiyo."

"Wiki zote nane?"

"Unakunywa chai kwenye chupa ya jemu," nikasema.

Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Alikaa kwenye kiti chake cha Ming, akavua kofia, akajifuta machozi nayo, anajaribu kusema kitu na kushindwa. Baba alianza kucheka kwa woga, halafu akacheka kweli. Mimi nililia, maana nilikuwa nimekizuia kilio tangu jana.

Mzee Fang alipopata pumzi alimwambia Baba neno moja tu: "Ufa." Baba alishaanza kufungua kamba ya sanduku. Wakatoa droo iliyojaa mabaki ya mbao za zamani, wakawa wanapokezana vipande dirishani, wanabishana kuhusu rangi na mwelekeo wa nyuzi, mpaka wakapata kimoja kinachooana. Baba akachonga kibanzi chembamba kama ukucha, akaupanua ufa kidogo kwa patasi, akakiingiza kikakaa. Kisha vijiti vitatu kwenye matundu ya misumari yangu. Viwili aligonga yeye. Cha tatu Mzee Fang alinipa nyundo ya mti akanielekeza, "Pole. Pole. Basi." Ubao ukarudishwa kwenye mfereji wake, ukacheza, tik, tik, na safari hii nilifurahi kuusikia.

Wakaligeuza kabati. Baba akafungua milango yote miwili, akaachia, akarudi nyuma hatua mbili.  Wa kushoto ukaanza, ukasita, nikakaribia kupiga yowe, kisha ukaendelea. Wa kulia ukaja. Ikagusana.

"Jumatatu saa moja asubuhi," Mzee Fang akamwambia Baba. "Burnsville waambie watafute mtu mwingine." Halafu akanigeukia. "Na wewe, ukiona kitu kinacheza, uliza kwanza kwa nini."

Tulifika shuleni saa nne kasoro. Mtoto aliyechelewa alitakiwa apitie ofisini na mzazi wake, ajaziwe fomu. Katibu, mama mmoja mnene mwenye miwani ya mnyororo, akamsukumia Baba karatasi na kalamu. Baba alikuwa na maranda kwenye nywele. Jina, darasa, saa, aliandika haraka, lakini alipofika kwenye sababu ya kuchelewa alikwenda polepole, herufi kubwakubwa, na mimi nikawa na hakika anaorodhesha makosa yangu yote. Katibu akaivuta fomu, akaisoma kwa sauti.

"Alikuwa kazini." Akashusha miwani. "Kazini? Mtoto wa miaka tisa? Kazi gani?"

"Useremala," Baba akasema.

Yule mama akanitazama, vumbi la mbao mpaka kwenye kope, akatabasamu. Akamgeukia Baba. "Na wewe, bwana, unafanya kazi gani?"

Swali hilo nilishamsikia akiulizwa kanisani, kliniki, kwenye sherehe za Watanzania wenzetu waliokuwa na kazi za ofisini, na kila mara alitazama viatu vyake kabla ya kujibu. Nikamwangalia. Hakuviangalia viatu.

"Hiyohiyo," akasema.